Zaire, franka na shilingi: historia ya feza mbili za Ziwa Tanganyika



Katika mikutano yetu kuna swali moja linalorudi kila mara, na linaleta maneno mengi. Mtu alikopa shilingi wakati tulikuwa kambini Tanzania. Leo aliyekopa na aliyekopesha wote wamerudi nyumbani, na huku tunatumia franka. Alipe ngapi? Swali la pili ni ndugu ya lile la kwanza. Mfadhili ametuma dola, mhasibu anasoma franka mbele ya watu, na mwaka unaofuata dola zilezile zinatoa hesabu nyingine. Hapo mtu anamnong'oneza jirani yake: "Zile zingine zimeenda wapi?"

Tumeona vizuri kueleza kwanza historia ya feza hizi, ya Kongo na ya Tanzania, tangu uhuru mpaka sasa. Watu wengi wanaijua kwa vipande: mzee anajua ya wakati wa zaire, kijana aliyezaliwa kambini anajua ya shilingi. Tukiiweka pamoja, tutaona kwamba ugomvi mwingi kati yetu haukuletwa na mwizi wala na mdanganyifu. Uliletwa na feza yenyewe kubadilika mikononi mwetu.

Tutatumia dola kama kipimo, sawa na mama anayepima unga wa wauzaji wawili kwa kopo moja. Hesabu tunazotoa ni za banki, na nyingi ni za kukaribia. Kwenye boti na sokoni watu walikuwa na kiwango chao, na mara nyingi feza iliyokuwa inashuka ilidharauliwa huko kuliko banki.

Wakati zaire moja ilinunua shilingi kumi na nne

Mwaka wa 1960, tulipopata uhuru, dola moja ilikuwa franka 50 za Kongo. Ng'ambo ya ziwa watu walitumia shilingi ya Afrika Mashariki, na dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Basi shilingi moja ilikuwa karibu franka 7.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya vita na uasi, na serikali ilitumia feza nyingi kuliko ile iliyokuwa inaingia. Franka ilishushwa mwaka wa 1961, ikashushwa tena 1963. Ilipofika 1967, dola moja ilikuwa franka 500, na shilingi moja ilikuwa franka 70. Ndani ya miaka saba franka ilikuwa imeanguka mara kumi.

Mwezi wa 6, 1967, serikali ya Mobutu ilileta feza mpya, zaire. Zaire moja ilichukua nafasi ya franka 1,000, na bei yake ilikuwa dola mbili. Ndiyo, dola mbili kwa zaire moja. Zaire iligawanywa kwa makuta 100, na likuta moja kwa sengi 100. Feza ilipata jina la Zaire hata kabla ya nchi, kwa sababu nchi ilibadilishwa jina mwezi wa 10, 1971. Sengi na zaire zimekufa, lakini neno makuta tuko nalo mpaka leo. Mtu akisema "sina makuta", anaita feza ya 1967 bila kujua.

Tanzania nayo ilikuwa imetoa shilingi yake mwaka uliotangulia, tarehe 14 mwezi wa 6, 1966, kwa bei ileile ya shilingi 7 na senti 14 kwa dola. Basi hesabu ni rahisi: zaire moja ilikuwa shilingi 14 na zaidi. Wazee wetu wanaposema kwamba Mkongomani aliyevuka kwenda Kigoma aliheshimiwa, hawatudanganyi. Feza yake ilikuwa nzito.

Feza inashuka, kisha inapishana

Uzito ule ulitegemea shaba ya Katanga. Bei ya shaba ilianguka katika miaka ya 1974 na 1975. Mwisho wa 1973 Mobutu alikuwa ametangaza zairianisation, yaani maduka na mashamba ya wageni yalipewa watu wa nchi, na mengi yalikufa. Njia ya reli ya Benguela iliyobeba shaba mpaka baharini Angola ilifungwa na vita mwaka wa 1975. Serikali ilikuwa na madeni makubwa nje, na ndani ilikuwa inachapisha noti.

Mwezi wa 3, 1976, zaire ilishushwa. Badala ya kufungwa kwenye dola, ilifungwa kwenye hesabu ya Shirika la Feza la Dunia (FMI): zaire moja kwa kizio kimoja cha shirika lile. Shilingi ya Tanzania ilikuwa imefungwa pale pale tangu mwisho wa 1975, shilingi 9 na senti 66 kwa kizio. Kwa hiyo, kwa kipindi kifupi, mtu angeweza kusema bila kukosea kwamba zaire moja ni shilingi 9 na senti 66. Kutoka 14 mpaka chini ya 10.

Kisha ikaja Krismasi ya 1979, ambayo wazee wengi hawajaisahau. Tarehe 25 mwezi wa 12, Mobutu alitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina thamani tena. Mipaka ilifungwa. Watu walipewa siku chache tu kuzipeleka banki, na kiasi cha kubadilisha kilikuwa na kikomo. Fikirini mtu wa milima ya Itombwe ama wa kijiji cha mwambao, aliyeuza ng'ombe ama samaki na kuweka noti ndani ya sanduku. Banki iko mbali, barabara mbaya, siku zimehesabiwa. Kwa watu wa namna ile feza ilikufa ndani ya sanduku. Tangu pale watu wetu wengi walijifunza kuweka akiba katika ng'ombe, katika dhahabu, katika bati, si katika noti. Mgeni anayeshangaa kwa nini mtu maskini hapendi banki, aanzie hapo.

Mwezi wa 9, 1983, jambo kubwa lilitokea. Serikali, kwa masharti ya FMI, ilishusha zaire kutoka karibu 6 kwa dola mpaka karibu 30. Kabla ya siku ile zaire moja ilikuwa kama shilingi 2. Baada ya siku ile, shilingi moja ilikuwa kama zaire mbili na nusu. Feza mbili zilipishana, na zaire haikurudi juu tena.

Tusidhani lakini kwamba Tanzania ilikuwa katika raha. Vita na Idi Amin vya 1978 na 1979 viliitoa feza nyingi, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, na madukani sabuni na sukari zilikosekana. Mwaka ule ule wa 1983 serikali yao ilikuwa inawakamata watu walioitwa wahujumu uchumi. Mwalimu Nyerere alikataa kwa muda mrefu kushusha shilingi jinsi FMI ilivyotaka, na kwa hiyo kiwango cha banki kilikuwa mbali sana na kile cha mitaani. Mwalimu aliachia madaraka 1985, na Rais Mwinyi alipatana na FMI mwaka wa 1986. Dola ilipanda kutoka shilingi 17 mpaka 40, na mwisho wa 1990 ilikuwa karibu 200. Mwaka wa 1992 Tanzania iliruhusu maduka ya kubadilisha feza, na kiwango cha banki na cha mitaani vilianza kukaribiana.

Shilingi, basi, ilianguka pia. Lakini ilianguka kama mtu anayeshuka ngazi. Zaire ilianguka kama mtu aliyetupwa kutoka juu ya mti.

Milioni tano zisizonunua kitu

Mwisho wa 1990 dola ilikuwa karibu zaire 2,000. Mwaka wa 1993 ilikuwa katika mamilioni. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule serikali ilitoa noti ya zaire milioni tano. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi alisema noti ile si halali, na wafanyabiashara waliikataa. Askari walikuwa wamelipwa kwa noti hizo. Walipokwenda sokoni na kukataliwa, waliipora Kinshasa, na watu wengi walikufa, pamoja na balozi wa Ufaransa.

Mwezi wa 10, 1993, ilikuja zaire mpya: moja ilichukua nafasi ya zaire milioni tatu za zamani. Iliwekwa kwenye bei ya zaire mpya 3 kwa dola. Watu wa Kasai waliikataa kabisa, wakaendelea na noti zao za zamani kwa miaka. Na wale waliokubali? Mwisho wa 1994 dola ilikuwa zaire mpya 3,250. Mwaka ule bei za vitu zilipanda kwa zaidi ya 20,000 kwa mia. Mwisho wa 1996 dola moja ilipita zaire mpya 150,000.

Sasa tukumbuke sisi wenyewe tulikuwa wapi. Mwisho wa 1996 ndio wakati vita vilifika Uvira na Fizi, na watu wetu walipanda mitumbwi na boti kuelekea Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwezi wa 11 wa mwaka ule, na ya Lugufu ilifuata 1997. Dola ilikuwa karibu shilingi 600 kule. Maana yake, shilingi moja ilikuwa zaire mpya 250 hivi, ama zaire za zamani milioni 750. Mtu aliyefika ufukweni na mfuko wa noti alikuwa amebeba karatasi. Njo maana wengi waliuza kitenge, saa, baiskeli, lakini hawakuuza noti. Watoto walizichezea.

Tunalisema hili kwa sababu bado kuna maneno mabaya kati ya waliobaki na waliokimbia. Waliobaki wanasema: "Ninyi mlikula shilingi kambini, sisi tulibaki na vita." Waliokimbia wanasema: "Ninyi mlibaki na mali yetu." Kwa upande wa feza ukweli ni huu: akiba ya noti za zaire ilikufa kwa wote, aliyevuka na asiyevuka.

Franka inarudi, na sisi tunarudi

Baada ya Mobutu kuondolewa mwezi wa 5, 1997, serikali ya Laurent-Désiré Kabila ilirudisha jina la franka. Tarehe 30 mwezi wa 6, 1998, franka moja ya Kongo ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Mkihesabu mpaka nyuma, franka moja ni zaire za zamani miliari 300, yaani zaire 300,000,000,000. Zaire hizo kwa bei ya 1967 zingekuwa dola miliari 600. Mwaka wa 1998 hazikufika hata dola moja.

Siku ile franka ilikuwa na nguvu: dola ilikuwa franka 1 na senti 38 hivi. Kwa shilingi za Tanzania, franka moja ilikuwa kama 480. Lakini tarehe 2 mwezi wa 8, baada ya mwezi mmoja na siku chache, vita vingine vilianza. Nchi iligawanyika, na vita vinalipwa kwa noti. Mwanzoni mwa 1999 serikali ilikataza watu kufanya biashara kwa dola. Kiwango cha banki kiliandikwa kwa amri, soko likafuata njia yake. Mwezi wa 5, 2001, serikali iliacha kiwango kijipange chenyewe, na mara moja dola ilitoka franka 50 ya kwenye karatasi mpaka zaidi ya 300. Franka ya shilingi 480 sasa ilikuwa chini ya shilingi 3. Ilichukua miaka mitatu tu.

Tangu hapo mambo yalitulia kidogo. Mwaka wa 2005, meli za kurudisha watu zilipoanza kutoka Kigoma kuja Baraka, dola ilikuwa kati ya franka 430 na 500, na upande wa pili shilingi 1,150 hivi. Franka moja ilikuwa kama shilingi mbili na nusu. Mtu aliyerudi na shilingi 100,000 alipata karibu franka 40,000 na akaanza nazo nyumba. Mwisho wa 2009 dola ilifika franka 900. Kisha, kwa miaka sita hivi, ilisimama karibu na 920, na wengi tulisahau kwamba feza inaweza kutembea. Mwisho wa 2016 ilianza tena: 1,200, na mwisho wa 2017 karibu 1,600. Mwaka wa 2023 ilipita 2,500, na hapo franka na shilingi zilikutana na kupishana mara nyingine. Mwisho wa 2024 dola ilikuwa karibu franka 2,850, wakati shilingi ilikuwa imecheza mwaka huo kati ya 2,400 na 2,700.

Kwa wale wanaotaka kuona kwa ufupi:

1960: shilingi 1 = franka 7
1967 (kabla ya zaire): shilingi 1 = franka 70
1967 (zaire): zaire 1 = shilingi 14
1976: zaire 1 = shilingi 9.66
Mwisho wa 1983: shilingi 1 = zaire 2.5
Mwisho wa 1990: shilingi 1 = zaire 10
Mwisho wa 1996: shilingi 1 = zaire mpya 250
Mwezi wa 6, 1998: franka 1 = shilingi 480
Mwezi wa 5, 2001: franka 1 = chini ya shilingi 3
2005: franka 1 = shilingi 2.5
2024: franka 1 = chini kidogo ya shilingi 1

Sasa deni lilipwe vipi?

Turudi kwenye swali letu. Tuseme mtu alikopa shilingi 100,000 kambini mwaka wa 2005, na anataka kulipa kwa kiwango cha 2024. Kuna majibu matatu, na kila moja lina mtu anayelitetea.

La kwanza: tuchukue kiwango cha siku ya kukopa. Ni franka 40,000. Mkopaji anafurahi. Lakini franka 40,000 za 2005 zilikuwa karibu dola 87, na za 2024 ni dola 14. Mkopeshaji amebeba hasara karibu yote peke yake.

La pili: alikopa shilingi, alipe shilingi, kwa kiwango cha siku ya kulipa. Ukichukua dola kwa shilingi 2,600, deni ni franka 110,000 hivi. Hii ndiyo hesabu iliyo karibu na ahadi ya maneno. Lakini shilingi nayo ilishuka. 100,000 ile imebaki dola 38.

La tatu: tupime kwa dola. Dola 87 zilizotoka mfukoni zirudi dola 87, yaani franka 248,000 hivi. Mkopeshaji anapata kamili. Lakini mkopaji hakuahidi dola, na dola hakuiona.

Tazameni: 40,000, 110,000, 248,000. Watu wawili waaminifu, deni moja, na kila mmoja anaweza kumwona mwenzake mwizi. Njo maana tunasema tusiitane wezi.

Kamati inapeleka pendekezo hili kwenye mkutano mkuu. Kwa madeni ya zamani yasiyo na karatasi, hesabu ya shilingi kwa kiwango cha leo iwe sakafu, na hesabu ya dola iwe dari. Kati ya hizo mbili wakae wenyewe na wazee wawili, mmoja wa kila upande, wapatane kulingana na uwezo. Hesabu ya kwanza, ile ya franka za zamani, isikubaliwe, kwa sababu inaweka mzigo wote kwenye bega moja. Kwa mikopo mipya ya sanduku letu, daftari liandike mambo matatu kabla feza haijatoka: ni feza gani, tarehe gani, na dola ilikuwa ngapi siku hiyo kwa wabadilisha feza. Mkopaji atie sahihi ama kidole hapo hapo.

Kuna wanaouliza: kwa nini tusiweke kila kitu kwa dola, tumalize? Kwa sababu mama anayeuza ndagala analipwa franka, anarudisha franka. Tukimlazimisha kulipa dola, hasara ya feza kushuka tunamtupia yeye, na yeye ndiye mwenye mtaji mdogo. Tena dola ina matata yake hapa kwetu: noti iliyopasuka kidogo ama ya zamani hakuna anayeipokea. Tunachopendekeza ni mchango mdogo wa kila mwezi ubaki franka, na akiba ya mazishi na ya bati, inayokaa muda mrefu, ibadilishwe mara moja kuwa dola ama kuwa bati lenyewe.

Kwa wafadhili wetu tuna neno moja. Dola 500 kwa kiwango cha 2,000 ni franka milioni moja. Kwa kiwango cha 2,850 ni franka 1,425,000. Mkiona hesabu zetu za miaka miwili hazifanani, tazameni kwanza kiwango kilichoandikwa pembeni. Na mkiona franka zimeongezeka, msidhani tumetajirika: bei ya bati na saruji inafuata dola. Ndiyo sababu kuanzia sasa kila ripoti itaonyesha dola iliyopokelewa, siku iliyobadilishwa, kiwango, na franka iliyotoka. Wanachama nao wana haki ya kuisoma karatasi hiyo hiyo, na kuuliza mbele ya wote.

Wazee walio na noti za zaire ndani ya sanduku, tunawaomba wasizichome. Wazilete siku ya mkutano mkuu. Vijana wazishike mkononi, waone sifuri zile, ndipo tupige kura juu ya daftari.

Sisi wenu,
Kamati ya gazeti la chama